Mfuko Mmoja, Sweta Moja

Sweta ya mkono mara chache huharibikia mikononi mwa anayeifuma. Huharibikia pale ilipowekwa: kwenye kochi mtoto akaivuta, mvunguni kuku akapita nayo, au ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vitunguu vya sokoni. Sindano moja ikichomoka, vitanzi 20 au 30 huanza kuteremka kimoja baada ya kingine, na kazi ya jioni tatu inarudi kuwa uzi. Hapo wengi hukata tamaa. Kazi hukunjwa, ikapandishwa juu ya kabati, na mtoto aliyekusudiwa akaanza muhula bila sweta.

Kinga yake ni kitu ambacho fundi cherehani wa Soweto, Manispaa ya Moshi, anaweza kukimaliza kati ya suruali moja na nyingine: mfuko wa kitambaa wenye bitana ndani na kamba mbili mdomoni. Vuta kamba, mdomo unakaza. Ndani mna kazi moja tu, bonge lake la uzi na sindano zake. Wafumaji wa nchi nyingi wameshika kanuni hiyo, kila kazi na mfuko wake, na mwenye kazi tatu ana mifuko mitatu.

Soweto ya Moshi ni miongoni mwa kata za manispaa. Jina limekopwa Afrika Kusini, kama lilivyokopwa Mbeya, ambako soko la Soweto linajulikana nchi nzima, na kama lilivyokopwa Nairobi. Mlima Kilimanjaro uko kaskazini, ukiamua kuonekana. Kuanzia Juni hadi Agosti mara nyingi hauonekani. Mawingu hushuka na kukaa, na mgeni aliyeambiwa kwamba Moshi ni joto hushangaa kuwaona walinzi, wauza maziwa na watoto wa shule wamejifunika hadi shingoni. Hapo bado ni mjini. Panda Kibosho, Machame au Marangu, na kila mita 100 zinapunguza joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kwa wakazi wa huko juu sweta ni sehemu ya sare ya shule kama ilivyo kaptula au sketi.

Kufuma kwa sindano mbili kulikuja mlimani pamoja na shule. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kujenga Kilema wakati Walutheri wa Leipzig walipoingia Kilimanjaro mwaka 1893, na katika shule za misheni wasichana walifundishwa kushona na kufuma pamoja na kusoma. Baada ya uhuru kazi hiyo ilirithiwa na somo la sayansi kimu, kisha stadi za kazi. Wanawake wengi waliopita shule za msingi wanakikumbuka kipindi hicho, na wanavikumbuka zaidi vifaa vyake: spoki mbili za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe hadi ncha zikalainika, au vijiti vya mwanzi, na uzi ulioombwa nyumbani kwa machozi.

Siku hizi sehemu kubwa ya sweta za shule hutoka kwenye mashine, zile za kusukuma kwa mkono zinazofuma mgongo mzima wa sweta kabla chai haijapoa. Sindano za mkono zimebaki na kazi zisizotaka haraka: kofia na soksi za mtoto mchanga, shali ya bibi, sweta ya mwanafunzi ambaye mama yake hana fedha taslimu lakini ana uzi na jioni. Kofia ya kichanga hasa haina mbadala. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa leo ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, joto jingi hupotelea hapo, na ndiyo maana wakunga huulizia kofia kabla ya kuulizia nguo nyingine.

Kazi ya namna hii haifanywi kwa mkupuo. Mwanamke wa mlimani ana migomba, ana ng'ombe wa ndani anayesubiri majani yaliyobebwa kutoka tambarare, ana watoto na ana kikao cha vikoba. Anayeishi mjini ana genge au zamu ya kazi. Muda wake wa kufuma ni vipande: robo saa kwenye benchi la kliniki, dakika kumi kabla kwaya haijaanza, nusu saa daladala ikisubiri kujaa. Kama kazi haiwezi kubebwa salama, vipande hivyo vyote vinapotea. Ukivihesabu kwa wiki moja, ni kofia nzima ya mtoto.

Kwa miaka mingi mfuko wa wafumaji ulikuwa rambo. Ulikuwa rahisi kupatikana, haukuvuja mvua ya masika, na uliharibu kazi kimyakimya. Spoki huutoboa mara moja. Uzi wa akriliki, ambao ndio uzi wa kawaida madukani, hugandana na nailoni na kukusanya kila uchafu. Ilipofika Juni 1, 2019, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara, na kuibeba kukawa kosa lenye faini. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka kumi, Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008, na Kenya Agosti 2017. Mifuko mbadala iliyojaza masoko baada ya hapo hubeba mchele na sukari vizuri, lakini mdomo wake uko wazi siku zote. Mfumaji anahitaji mdomo unaofungwa.

Unaofungwa kwa kitu gani? Hapa ndipo mfuko wa kamba unapovishinda vingine, na sababu inafaa kuelezwa, kwa kuwa mafundi wengi wakiagizwa mfuko huwaza zipu kwanza. Zipu huuma uzi. Meno yake yakishanasa unyuzi mmoja wa sweta, kuuvuta ni kuharibu na kuuacha ni kuharibu. Kifungio cha kunata ni kibaya zaidi, maana upande wake wenye vijiti umetengenezwa makusudi kushika kitu chenye manyoya. Kifungo cha kawaida huacha pengo ambalo sindano hutokea. Kamba hukaza pande zote kwa pamoja, na ikilegezwa kidogo huacha tundu la kupitisha uzi mmoja. Bonge linabaki ndani likizunguka, uzi unatoka nje kwenda kwenye sindano, na sakafu haiguswi. Ni mfuko unaofanya kazi hata wakati kazi inafanyika.

Wajapani wana mfuko wa aina hii, kinchaku, wanaotilia vitu vidogo tangu enzi za mababu. Na Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Msalaba Mwekundu uliwaomba raia wafume soksi, sweta na skafu za askari. Wanawake wakafuma kwenye treni na kwenye mikutano, na mfuko wa kubebea kazi ukawa fasheni yenyewe.

Turudi Moshi, kwenye kitambaa.

Mitaa inayozunguka soko kuu la mjini ina maduka ya vitenge, na barazani mwa maduka hayo wamekaa mafundi na vyerehani vyao vya miguu. Singer na Butterfly ndiyo majina yanayoonekana kwenye vichwa vya mashine, rangi nyeusi imechubuka pale mkono unapogusa gurudumu. Cherehani ya miguu haijali umeme ukikatika. Chini ya meza ya kila fundi kuna kiroba, na ndani ya kiroba kuna vipande: shingo zilizokatwa, pembe za sketi, mabaki ya sare za harusi. "Shikamoo fundi, una vipande?" mteja huuliza, na kiroba kikamwagwa. Hilo ndilo duka la kwanza la mshonaji wa mifuko.

Kipande kinachofaa ni cha pamba. Kitenge cha poliesta huteleza chini ya mguu wa mashine, hakikunjiki kwa pasi na huzidisha ule mgando wa akriliki. Vitenge vya pamba vimetengenezwa nchini kwa vizazi viwili sasa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na wako watu wenye vitenge vyake sandukuni hadi leo. Kitambaa cha zamani kilichofuliwa mara mia ni kizuri kuliko kipya, kwani hakirudi tena na hakitoi rangi. Kipya kiloweshwe kwanza, kikauke, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Fundi asiyefanya hivyo atamshonea mteja mfuko mweupe ndani wenye mabaka mekundu baada ya mvua ya kwanza.

Kanga nayo inafaa, ikikatwa kwa heshima. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yanayobeba ujumbe wake. Mshonaji makini hupima kabla ya kukata ili jina lote liangukie mbele ya mfuko, lisikatwe katikati ya neno. Anayelipasua jina amemharibia mwenye kanga kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona.

Kwa kofia, soksi au kazi ya mtoto mchanga, kata vipande viwili vya nje vyenye upana wa sentimita 28 na urefu wa sentimita 34, na viwili vya bitana vya kipimo hichohicho. Kitenge kizima cha yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, na upana wake ni karibu sentimita 115. Vipande 4 hukaa kwa upana, safu 16 kwa urefu: vipande 64, yaani sehemu ya nje ya mifuko 32. Hesabu hii huharibika kama ua la kitenge lina juu na chini, ndege au taa kwa mfano, na fundi akageuza baadhi ya vipande ili kubana kitambaa. Ndege hawapendezi wakitembea kichwa chini.

Kila kipande cha nje huunganishwa na bitana yake kwenye ukingo wa juu, kwa pindo la sentimita 1. Sasa kuna vipande viwili virefu, nusu kitenge na nusu bitana. Vilazwe kimoja juu ya kingine, sura kwa sura, kitenge juu ya kitenge na bitana juu ya bitana, kisha vishonwe pembeni kuzunguka vyote. Mahali pawili pa kukumbuka. Kwanza, upande wa kitenge, kulia na kushoto, shuka sentimita 3 kutoka kwenye kiungo na uache wazi sentimita 2 na nusu. Hayo ndiyo matundu ya kamba. Pili, chini ya bitana acha nafasi ya vidole vinne. Wanaojifunza husahau tundu moja kati ya yale mawili, wakaligundua mfuko umekwisha.

Pembe za chini huvutwa hadi mshono wa ubavu ulale juu ya mshono wa kitako, pembetatu ikatokea; piga mshono wa sentimita 8 kukata ncha ya pembetatu hiyo, kwenye kitenge na kwenye bitana. Kitako kinapata kina cha sentimita 8 na mfuko unaweza kusimama mezani kama kikapu. Hili fundi asiache hata akiharakishwa. Mfuko bapa huangukia ubavu na bonge likakwama.

Kisha unafika wakati ambao hata fundi wa miaka mingi huufurahia. Mfuko wote hupinduliwa kupitia ile nafasi ya bitana. Kinachotoka hakina mshono mbichi popote, si ndani si nje. Nafasi hufungwa, bitana ikasukumwa ndani, mdomo ukapigwa pasi, na mishono miwili ya kuzunguka ikapita juu na chini ya matundu kutengeneza njia ya kamba. Urefu uliobaki ni kama sentimita 28, upana wa mdomoni 26.

Bitana inaweza kuonekana anasa kwa kitu kidogo namna hiyo. Sivyo. Mfuko wa kitambaa kimoja una kingo ndani, na kingo za kitenge huchanika nyuzinyuzi. Nyuzi hizo hujisokota kwenye sufu na kutoka nayo. Ovaloki hupunguza tatizo bila kulimaliza. Bitana huipa spoki safu ya pili ya kuvuka, na ikiwa ya rangi nyepesi humsaidia mfumaji kuona sindano iliyozama chini. Shuka la mtumba la pamba, jeupe au la samawati iliyopauka, linatosha bitana nyingi.

Mtumba ndio unaotoa kamba pia. Soko la Memorial, na lile la Kiboriloni, ni hazina kwa mwenye jicho. Sweta ya kofia iliyochanika kiwiko bado ina kamba nzuri ya pamba shingoni, nene, laini, isiyoteleza. Utepe wa satini unavutia lakini haushiki fundo. Kamba ya nailoni hukwaruza vidole. Kamba ya mkonge, pamoja na kwamba mashamba ya mkonge yamo humohumo kaskazini, ni ngumu mno kwa mdomo mdogo na vinyweleo vyake vitamaliza uzi. Ikikosekana kamba, kata mkanda wa kitenge wenye upana wa sentimita 4, ukunje mara nne, upige mshono mmoja.

Kamba ziwe mbili, kila moja sentimita 75. Ya kwanza huchomekwa pini kichwani, ikaingia tundu la kushoto, ikazunguka mfuko wote na kutokea kushoto kulekule. Ya pili inaingia kulia na kutokea kulia. Zikivutwa kwa pamoja kila moja upande wake, mdomo unafumba sawasawa. Kamba moja hukaza upande mmoja tu, na mfuko ukakaa umepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino.

Memorial humpa mfumaji zaidi ya kamba. Sweta kuukuu ya sufu halisi inaweza kufumuliwa ikawa uzi, na wajuzi hawaichagui kwa rangi, huigeuza kwanza. Kama mishono ya ubavu imepigwa ovaloki, mashine imekata kila mstari, na kitakachopatikana ni vipande vya urefu wa mkono. Kama kiungo kimesokotwa kama mnyororo, basi kila sehemu ilifumwa kwa umbo lake, na uzi utatoka mrefu bila kukatika. Hufumuliwa kuanzia juu, ukazungushwa kwenye mgongo wa kiti, ukaoshwa na kutundikwa na kitu kizito ili mikunjo inyooke. Mlimani kondoo wafugwao ni wa nyama na manyoya yao hayasokotwi, kwa hiyo kwa mwenye mfuko mdogo wa fedha sufu nzuri hupatikana kwa njia hii.

Nchini Kenya sufu ya kienyeji ipo, na hadithi yake ina funzo kwa Moshi. Huko Njoro, Nakuru, jina ambalo Moshi nayo inalo kwenye kata yake moja, kikundi cha Kenana Knitters kilianza mwaka 1998 kwa ajili ya wanawake wa vijijini waliojua kusokota na kufuma lakini hawakuwa na soko. Wanatumia sufu ya Kenya, wanapaka rangi za mimea, na wanafuma midoli ya wanyama inayouzwa hadi ng'ambo, kila mdoli ukiwa na kijikaratasi chenye jina la aliyeufuma. Jina hilo halikuongeza uzi wala saa za kazi, lakini mnunuzi aliye mbali anajua kwamba kuna mtu. Mafundi wa barazani Moshi hushona vizuri sana bila kuacha alama yoyote. Kipande cha utepe chenye jina, kilichobanwa kwenye mshono wa ubavu, kingewatosha.

Soko la mifuko hii lina milango miwili. Wa kwanza ni wapandamlima wanaopita Moshi kila mwaka wakielekea kwenye kilele cha mita 5,895, ambao hununua kitu chepesi cha kitenge, na miongoni mwao wamo wafumaji watakaoutambua mfuko huu mara moja. Wa pili uko karibu zaidi na haujabishwa hodi ipasavyo: wanawake wa hapahapa wanaofuma. Mgeni atanunua mmoja. Mama wa Kibosho mwenye kazi tatu atanunua mitatu, kisha atawaambia wenzake kwenye vikoba. Fundi akikata mifuko kumi kwa pamoja na kushona hatua moja kwa yote kabla ya kwenda nyingine, bei inashuka bila yeye kupunjika. Akishona mmoja mmoja, atagundua kwamba zipu ya suruali ingemlipa vizuri zaidi kwa muda uleule.

Kuna nyongeza moja ambayo inastahili kuagizwa hata kama fundi atalalamika. Ni kitanzi cha kitambaa, kirefu kiasi cha kuingia mkono, kinachoshonewa ubavuni juu kidogo ya katikati. Faida yake inaweza kuonekana kwa wasusi wa kiondo wa Ukambani na Ugikuyuni, ambao kwa muda mrefu wamesuka wakitembea, kazi ikining'inia na vidole vikienda bila kuangaliwa. Mfuko wenye kitanzi huning'inia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kamba zimelegezwa kiasi, uzi unapanda wenyewe. Mfumaji hahitaji kiti. Anaweza kusimama kituoni Soweto asubuhi ya Julai, mlima haupo, daladala mbili zimepita zikiwa zimejaa, na mkono wa sweta umekwisha kufika kwenye kiwiko.